Toyota 86 imeshushwa, trela ya kukodi, Mombasa mpaka Nairobi: naipandishaje?

MwanaTudor:
Wadau salamu. Nina 86 iko na koilova, zile springi za kushusha gari, imeshuka mpaka kidole hakipiti kati ya tairi na digadi, na sasa klachi imekwisha kabisa. Fundi ninayemuamini yuko Nairobi so nataka kuipeleka na trela, Hilux ya kuvuta ninayo, trela nakodi hapa Magongo. Nimeenda kuiangalia, rampu ni fupi halafu imesimama, naona bampa itagonga kabla tairi haijagusa chuma. Hii gari naipenda jamani, sitaki hata mkwaruzo. Aliyewahi kupandisha gari ya chini hivi anieleze.

FundiJomvu:
Yakhe bampa ni shida ndogo. Pale rampu inapoungana na sakafu ya trela ndipo gari hukalia tumbo, tairi za mbele zishafika juu, za nyuma bado ziko chini, katikati egzosi inalala kwenye chuma. 86 ikitoka kiwandani ina kama sm 13 tu chini yake na wewe ushapunguza. Tafuta mbao za inchi 8 kwa 2, ndefu, uzipange kabla ya rampu gari ianze kuinuka mapema, halafu pandisha pua ya trela kwa jeki yake ili mkia ushuke. Lakini trela iwe imefungwa kwa Hilux, ukiiwacha peke yake gari ikikanyaga mkia pua inaruka juu na mtu anaumia. Na usipandishe mpaka tairi za nyuma za Hilux zikawa nyepesi, hendibreki inashika nyuma, kwa hivyo kabari zitie tairi za mbele.

Pwani_Drift:
Si ukodi flatbedi tu, lori la kubeba gari mgongoni, hizi mbao za nini

FundiJomvu:
Flatbedi za brekdauni nyingi zikiinama bado gari kama hii inagusa, mbao utazitaka tu.

BintiNyali:
Muulize mwenye trela kama ana ile inayolala, sakafu yote inainama mara moja, hiyo kona ya kukalia tumbo karibu haipo. Na kwa vile klachi hakuna, usikubali vijana waisukume hata wakiwa kumi, taka winchi, ile mashine ya kuvuta kwa waya. Ile hook ya kuvutia iko buti pamoja na spana za tairi, inaingia kwenye bampa ya mbele, kuna kifuniko kidogo unakitoa. Kaa ndani ushike stiringi, enjini iwake gia iko nyutro ili breki iwe na nguvu, waya uvute polepole na umenyooka, mtu mwingine ainame kando, si chini ya gari, aangalie tumbo akupigie kelele likikaribia chuma. Kioo kishushe kabla hujapanda!! madigadi ya trela yatazuia mlango, utatokea dirishani.

MwanaTudor:
Shukran sana, hilo la mlango nisingelifikiria kabisa. Na kufunga je? Jamaa wa trela anasema atapitisha racheti, zile belti za kukaza, kwa springi.

BintiNyali:
Mkatalie. Belti zizunguke tairi zote nne, springi ziwachwe zicheze, ukifunga bodi kila tuta gari inashuka, belti inalegea, mwishowe inachomoka. Klachi ikifa gia haishiki kitu so ni hendibreki na kabari. Enjini itazame mbele, na isogeze mpaka kama asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa trela na gari pamoja ikae kwenye hook ya Hilux, uzito ukibaki nyuma trela itaanza kuyumba, na pale Taru mpaka Maungu malori yanapokupita kwa kasi ule upepo wake utakutoa barabarani. Tembea kilomita 60 kwa saa hivi. Belti zinalegea mwanzo wa safari, simama Mazeras uzikaze, Mackinnon Road tena, halafu Voi, na kila mara pitisha mkono kwa habu za trela, pale katikati ya tairi, moja ikiwa moto kuliko mwenzake usiendelee, mpigie mwenye trela.

MwanaTudor:
Sawa. Kesho narudi Magongo na futi nipime rampu, nitaulizia ile ya kulala na winchi kwanza kabla sijalipa.