Mtoto wa miezi 9 anarudishwa bila chanjo ya surua eti "hamjatimia", hii imenichosha Arusha

Wakuu habari zenu. Wenye watoto wadogo hapa Arusha naombeni mnisikilize, na mliopo Moshi mtuambie huko kukoje maana mi nimefika mwisho.

Mwanangu katimiza miezi 9, kwenye kadi ya kliniki imeandikwa kabisa tarehe ya surua rubella. Nimeamka alfajiri, hii baridi ya mwezi wa 7 mnaijua, genge nimeacha limefungwa, natoka huku Kwa Mrombo hiace imejaa mpaka mlangoni mtoto nimemkumbatia kifuani, nafika zahanati (siitaji jina) naweka kadi kwenye foleni, tunavua watoto nguo wanapimwa uzito, tunarudi kukaa benchi la nje upepo unapiga. Saa 5 hivi nesi anatoka, anasema wa surua simameni, anatuhesabu kwa kidole tupo wanne. "Wamama rudini Alhamisi, hamjatimia, siwezi kufungua kichupa kwa watoto wanne." Akageuka akaingia ndani. Hakuuliza mtu katoka wapi, hakuuliza mtoto ana umri gani, kuna mwenzetu wake ana mwaka na nusu amekuja kwa dozi ya pili, mama yake katembea kwa mguu amembeba kutoka Muriet ndani kabisa.

Alhamisi nikarudi. Hamjatimia.

Sasa kwa wasiojua, iko hivi. Kichupa cha surua rubella kinakuja unga, kina dozi 10, kikishachanganywa na maji yake kinatakiwa kitumike ndani ya masaa 6, kinachobaki kinamwagwa. BCG ile ya kifua kikuu anayochomwa mtoto akizaliwa nayo ni hivohivo, na yenyewe kichupa kina dozi 20, ndo maana unakuta mtoto mchanga anakaa wiki kadhaa bila alama begani wanasubiri wachanga wenzie. Wanaogopa kumwaga. Hapo namwelewa nesi, kwa sababu mwisho wa mwezi anaandika ripoti ya dozi zilizotumika na zilizopotea, na juu yake kuna mtu anamuuliza kwa nini umemwaga. Na tuseme ukweli pale yupo peke yake, anapima, anachoma, anajaza kadi na lile daftari kubwa.

Lakini jamani!! Shirika la Afya Duniani wanasema wazi, fungua kichupa cha surua hata kama aliyekuja ni mtoto mmoja. Na hizi chanjo zinapoagizwa zinapigiwa mahesabu na kiasi kitakachomwagika, hiyo sio hasara ya nesi wala sio dhambi. Dozi 6 zikimwagwa zinaagizwa nyingine, mtoto akipata surua ukamkuta anahara, nimonia imemkaba, macho yameharibika, unamwagizia wapi mwingine?

Na kwa nini iwe miezi 9? Kwa sababu kinga aliyotoka nayo tumboni kwa mama ndo inakuwa imeisha au inaishia. Kwahiyo kila wiki unayomrudisha unamrudisha akiwa mtupu, na surua ndo ugonjwa unaoambukiza kuliko karibu yote, mgonjwa akikohoa akaondoka zake hewa ya humo ndani inabaki na virusi mpaka masaa 2. Alafu mnatukalisha benchi moja na watoto waliokuja kutibiwa wanakohoa.

Kingine kinachoniuma, yule mama wa Muriet Alhamisi sikumuona. Inawezekana aliugua, inawezekana hakuwa na nguvu za kutembea tena, ila najua baadae akitokea na kadi yenye nafasi wazi atasemwa mbele za watu kwamba mama mzembe hampendi mwanae. Nimeshasikia wakisemwa hivo kwa sauti, foleni nzima inageuka kuangalia. Mnatuambia chanjo ni bure, ni kweli hatulipii sindano, ila nauli na siku nzima ya biashara nani ananirudishia?

Kama kweli hamuwezi kufungua kwa wachache basi wekeni siku moja ya surua kwa wiki, iandikwe kwenye kadi tangu mtoto anapomaliza zile za wiki ya 14, wote tuje siku hiyo, na hata wakija wawili mfungue. Namba zetu za simu zipo kwenye daftari, ujumbe mmoja tu asubuhi "leo chanjo hamna", mtu anabaki kwake. Hilo linahitaji bajeti gani?

Wiki hii naenda kwa mratibu wa chanjo wa jiji. Wamama na wababa mliorudishwa kama mimi andikeni hapa chini, mtoto alikuwa na umri gani, chanjo ipi, mwezi gani, majina ya manesi msiweke. Sitaki kuingia ile ofisi na kadi ya mwanangu peke yake wakaniambia hilo ni tatizo lako wewe.