Ampulifaya ya transmita: ohm 50 ni za ndani au za mzigo?

Wakuu naomba msaada, transmita imeandikwa ohm 50 pale kwenye soketi ya antena, ina maana ndani kuna ohm 50? Si nusu ya pawa itaishia humo humo?

>> Hapana mkuu, hiyo 50 ni mzigo (yaani antena) inaotaka kuuona. Ampulifaya ya klasi C (aina ambayo transista inapitisha umeme kwa sehemu fupi tu ya kila wimbi) inavuka ufanisi wa 70%, ingekuwa na rezista ya ohm 50 ndani isingezidi 50%.

>> Naongezea, chukua volti 12 na wati 5, 12 mara 12 gawa kwa 10 (yaani mara mbili ya hizo wati 5) unapata kama ohm 14.4, huo ndio mzigo wa transista, so koili na kapasita za mwishoni zinafanya 50 ya antena ionekane 14.4.

>> Kweli, ila 14.4 sio impidansi (ukinzani kwa umeme wa AC) ya ndani ya transista, hapo wengi wanachanganya sana.