Mafao yameingia, niwagawie wanangu watu wazima sawa kwa sawa au nimpe zaidi mwenye shida?

MamaWatatu
Habari zenu wapendwa, naombeni mawazo mana hapa nyumbani nikimuuliza mzee ananijibu "fanya unavyoona", alafu nikikosea lawama zote zangu. Nina watoto watatu, wote wakubwa, kifungua mimba ana 34 na kitinda mimba 25. Nimestaafu, mafao yameingia, na nimetenga kama robo hivi niwape zawadi, ZAWADI sio mkopo, nataka niwaone wakifaidi nikiwa hai kuliko waje kuvutana mashati nikiwa kaburini. Sasa wa kwanza mambo yake safi, ana kazi ana nyumba. Wa katikati ni binti, ndoa imevunjika, ana watoto wawili na madeni yanampigia simu asubuhi mpaka jioni. Wa mwisho ndo kwanza anaanza maisha, pesa ikilala kwake siku tatu ni nyingi. Nikigawa sawa naona namwonea binti, nikimzidishia yeye naambiwa mama ana upendeleo. Na yule mkubwa hatosema kitu, atanyamaza tu, na ukimya wake ndo naouogopa kuliko kelele za mdogo. Nyie mngefanyaje?

Mtoto_wa_Nne
Pole mama. Mie naongea upande wa watoto. Baba yetu alimpa kaka mtaji kimyakimya, sisi tukaja kujua miaka kadhaa baada ya mazishi, kwenye daftari lake, kaandika jina la kaka na kiasi na pembeni "asijue mtu". Yani angetuita tu akasema namsaidia huyu kwa sababu hii na hii, mie nisingefungua mdomo, nilikua na kazi yangu. Ila lile neno "asijue mtu" lilinikaa mpaka mirathi ikachukua miaka miwili mana kila mmoja alianza kumhisi mwenzie, nani kapewa nini na lini, mpaka saa ya ukutani iligombewa. Waite wote siku moja waambie wote kitu kimoja.

kula_zako
Mie ningezila mwenyewe 😂 walishasomeshwa hao

HesabuKwanza
Mama hongera kwa kustaafu, ila naanza na wewe kabla ya watoto. Umestaafu, unaweza ukaishi miaka 25 mingine na vitu havipungui bei, je umeshatenga ya matibabu na ya kula yako na mzee? Mana ukiishiwa utarudi kwa haohao uliowapa na hapo zawadi imegeuka deni.

Pili, huyo binti usimkabidhi mkononi. Sio kwamba hana akili, ila mtu mwenye madeni akishika pesa anaanza kuziba matundu yanayopiga kelele zaidi, sio yanayokula riba zaidi. Kaa nae, akuonyeshe karatasi zote, na akikubali (ni mtu mzima, akikataa usilazimishe) mkalipe moja kwa moja kwa anayemdai, mnaanza na lenye riba kubwa. Huyo wa mwisho mpe vipande vipande.

Kitu kingine watu wanasahau ni kodi. Kama mtoaji yuko nje angalia sheria ya huko kwanza. Marekani mtoaji ndo anaripoti, na mwaka 2025 uliruhusiwa hadi dola 19,000 kwa kila mpokeaji bila hata kujaza fomu. Uingereza ukitoa alafu ukafariki kabla ya miaka 7 zawadi inaweza kurudishwa kwenye hesabu ya kodi ya mirathi. Ujerumani mzazi anampa kila mtoto hadi euro 400,000 bila kodi, na baada ya miaka 10 hesabu inaanza upya. Kwaiyo usikurupuke kutuma.

IbnuSabil
Assalaam alaykum. Nachangia kwa upande wa dini, kama wewe ni Muislamu mama. Kuna hadithi mashuhuri ya Nu'man bin Bashir, baba yake alimpa hiba (yaani zawadi), mama mtu akataka Mtume (s.a.w.) awe shahidi, Mtume akauliza je watoto wako wote umewapa kama hivi? Akasema hapana, akaambiwa mcheni Mungu na mfanye uadilifu baina ya watoto wenu, na baba akairudisha ile zawadi. Wanazuoni wengi wanasema usawa ni sunna, wengine wanasema ni lazima, ila wapo wanaoruhusu kumzidishia mwenye haja ya kweli kama deni au ugonjwa. Na hiba inatimia ikishapokelewa, ukiahidi tu ukafariki kabla hawajapokea mzigo unaangukia kwenye mirathi.

Mkwe_Mtulivu
Mie nigusie masimango mana hapa hajayataja mtu. Mama mkwe alitupa pesa ya kuanzia nyumba, tukashukuru mpaka tukapiga magoti. Basi kuanzia hapo mapazia ni yake, rangi ya ukuta ni yake, funguo anayo, wageni nikileta anauliza ni kina nani "kwenye nyumba yangu". Miaka sita. Mwisho mume wangu akamrudishia yote, na mama mkwe akakasirika kwamba tunamkataa. Ukitoa mama, toa na usahau. Kitinda mimba akienda kununua simu ya bei mbaya utaweza kunyamaza? Kama huwezi mwambie tu ni mkopo na muandikishane.

MamaWatatu
Asanteni sana, @Mkwe_Mtulivu umenichoma, lile la simu nilikua nishaliwaza kabla hujaandika 🙈. Jana usiku nikajikaza nikampigia mkubwa, nikamweleza yote, madeni ya dada yake mpaka ya mdogo. Akanyamaza vilevile kama ninavyomjua, nikasema ndo hivyo tena. Alafu akauliza, "Na wewe mama unabakiwa na kiasi gani kwa mwezi?" Nikakosa jibu. Sijui kwa kweli, sijawahi kupiga hiyo hesabu. Kwaiyo kugawa nimesogeza mbele, anakuja Jumamosi na daftari tukae. Deni kubwa la binti ndo tunaenda kulilipa wiki hii, hilo kakubali mwenyewe, na mdogo nitamwambia nikishapata nguvu.