Kozi ya droni ya siku 5 au digrii ya miaka 4: nianzie wapi kwenye fotogrametria?

Mleta uzi
Wakuu, habari za jioni. Nina diploma ya geomatiki, totali stesheni (kifaa cha kupima pembe na umbali) na GNSS (upimaji kwa setilaiti) natumia bila shida. Nataka kuingia kwenye fotogrametria, yaani kupima na kuchora ramani kwa picha za angani. Kuna kozi za droni za siku 5 hapa Dar, na kuna digrii ya Chuo Kikuu Ardhi. Laptopu yangu ina RAM ya GB 8. Nitajuaje kozi ina maana kabla sijalipa ada?

alama_ya_msingi
Mkuu, kurusha na kupima ni mambo mawili. Kurusha utakuzoea ndani ya wiki. Kabla ya kulipa, uliza hivi: mwanafunzi ataweka mwenyewe alama za ardhini (zinazoonekana pichani na kupimwa mahali pake), na ngapi zitabaki za kukagulia? Kozi inayoishia kwenye ortofoto (picha ya angani iliyonyooshwa iwe na vipimo vya ramani) ya kupendeza bila kupima kosa lake inafundisha kupiga picha tu.

Kwa eneo tambarare la hekta 20 hivi, ingiza alama 5 kwenye hesabu ya programu inayounganisha picha: nne pembeni, moja katikati. Nyingine 5 zipime kwa GNSS lakini programu isizitumie. Ukimaliza, linganisha. Kosa la mlalo likikaa ndani ya pikseli 1 hadi 2, na la kimo ndani ya 2 hadi 3, kazi ni nzuri. Ile RMSE (kosa la wastani) ya alama zilizoingia kwenye hesabu usiitegemee, maana modeli (umbo la ardhi linaloundwa na programu) imeshavutwa ili izifuate.

Hakikisha pia wanakufundisha kukokotoa kimo cha kuruka. Phantom 4 Pro ina sensa ya upana wa mm 13.2, lenzi ya mm 8.8 na picha ya pikseli 5472. Ukiruka mita 100: 13.2 × 100 ÷ (8.8 × 5472) = mita 0.0274, yaani sm 2.7 kwa pikseli. Ukitaka sm 2, shuka hadi mita 73. Kwa kasi ya mita 10 kwa sekunde na shata ya 1/500, droni inasogea sm 2 picha ikiwa bado inapigwa, hivyo kingo zinafifia. Weka 1/1000 au punguza kasi.

ramani_pwani
Naongezea yanayowaangusha wengi.

Alama zikiwa kwenye mfumo wa majira-nukta wa Arc 1960 (msimbo EPSG 21037) na picha kwenye mfumo wa WGS84 (32737), ramani inahama kama mita 300. Vimo navyo: GNSS inatoa kimo kutoka elipsoidi (umbo la dunia la kihesabu), benchimaki (alama ya kimo kinachojulikana) inahesabu kutoka usawa wa bahari, na huku pwani tofauti inapita mita 20.

Lingine ni modeli kuvimba katikati kama bakuli lililofunikwa. Chanzo ni picha zote kutazama chini wima kutoka kimo kimoja: programu inashindwa kutenganisha upindaji wa lenzi na umbo la ardhi. Ongeza mistari michache kamera ikiinama nyuzi 20 hadi 30 kutoka wima, na usiache katikati bila alama. Picha zipandane asilimia 80 mbele na 70 ubavuni. Kwenye minazi yenye upepo ongeza mpandano hadi asilimia 85, kwa sababu makuti yanayocheza hayafanani picha hadi picha.

Laptopu: WebODM, programu ya kutengeneza ramani kutoka picha za droni, ni ya bure, na OpenDroneMap wanaoitengeneza wana seti za picha za mazoezi. RAM ya GB 16 inabeba picha kama 250. Kwa GB 8 baki chini ya 100. Faili la alama linaanza na mstari wa projeksheni (mfumo wa majira-nukta unaotumika), kisha mashariki, kaskazini, kimo, nafasi kwenye picha na jina la picha. Ukigeuza mashariki na kaskazini, kazi nzima inaharibika. Kila alama ionekane kwenye picha 3 au zaidi.

Mleta uzi
Shukrani sana. Alama nichore kwa chokaa?

alama_ya_msingi
Chokaa jua la mchana linaing'arisha hadi kitovu kinapotea. Tumia ubao wa sm 60 kwa 60, miraba minne myeusi na myeupe, kitovu kinapokutana pembe. Usiweke chini ya mti wala kando ya paa la bati.

Kuhusu digrii: ramani ya viwanja husainiwa na mpima aliyesajiliwa. Kama lengo lako ni hilo, omba Ardhi, kule ndiko utasoma kusawazisha makosa kwa kina. Kama ni ortofoto za mashamba na ujazo wa vifusi, anza na mazoezi ya WebODM miezi 2, ndipo ulipie kozi, na kibali cha TCAA (Mamlaka ya Usafiri wa Anga) kiwe mkononi kabla ya kuruka.