Ukuta wa zege wa kinu cha nyuklia: utatulinda kweli?

Mwana wa Kilifi: Tangu watu wa Uyombo, huku Kilifi, waandamane 2024 kukataa kinu cha nyuklia, wanaokitaka wana jibu moja tu: ukuta wa zege, unene mita moja na zaidi. Kinu cha Chernobyl, Ukraine, kilipolipuka 1986 ukuta huo ulikuwa wapi? Na hapa kwetu zege lenyewe linachanganywa kwa macho, maji yakizidi ndoo mbili hakuna anayejali.

Mpenda Fizikia: Chernobyl hakikuwa na jengo la kuzuia, yaani jengo la zege linalofungia mionzi ndani. Three Mile Island, kinu cha Marekani, kilikuwa nalo: 1979 karibu nusu ya kiini, sehemu yenye fueli, iliyeyuka, na sumu nyingi ya mionzi ikabaki ndani. Mionzi inayotoka kwenye kiini ni ya aina mbili hasa, miale ya gama na chembe ziitwazo nyutroni: uzito wa zege hudhoofisha gama, na maji yaliyofungwa ndani yake hupunguza kasi ya nyutroni. Nafasi ya ukuta mnene ikikosekana, zege hutiwa kokoto za baraiti, madini mazito. Zege la kawaida ni kama kilo 2,400 kwa mita moja ya ujazo, hilo la baraiti hupita 3,000.

Fundi Mtwapa: Mwana wa Kilifi, "kwa macho" umemwona nani? Miaka 22 niko saiti. Tunajaza zege kwenye koni ya bati kwa tabaka tatu, kila tabaka tunalichoma kwa fimbo mara 25, tunainua koni taratibu, tunapima limeshuka kiasi gani; maji yakizidi, linashuka mno. Usitutukane.

Mwana wa Kilifi: Slabu ya marehemu baba ilipasuka, nondo zikavimba kwa kutu, kipande kikamwangukia mama jikoni. Mchanga ulikuwa wa baharini, wenye chumvi. Koni hiyo sikuiona.

Dada wa Malindi: Pole kwa mama. Lakini mchanga nani aliulipia? Wenye nyumba ndio wanaotaka wa bei rahisi, kisha lawama kwa fundi.

Mwana wa Kilifi: Dada, unamsema baba yangu?

Mpenda Fizikia: Jamani, mada. Kinu cha Crystal River, Florida, Marekani: 2009 walilegeza kebo za chuma zinazokaza ukuta wa jengo la kuzuia na kuukata wabadilishe jenereta za mvuke, zege likaachana tabaka kwa ndani. 2013 ikatangazwa hakitawashwa tena.

Fundi Mtwapa: Haya, na huko Marekani nako ni fundi wa ndoo?

Mwana wa Kilifi: Hiyo ndiyo hoja yangu mimi! Kama wao limewashinda, sisi je?

Mpenda Fizikia: Kinu kilikuwa kimezimwa, hakuna aliyedhurika. Acheni kuchukua nusu ya habari.

Mzee wa Siaya: Mradi sasa unaelekezwa kwetu, ziwani. Nyinyi mko kwenye mchanga wa jiko la mtu. Zege hilo likishamwagwa litakaa zaidi ya miaka 60, mimi sitakuwepo, wajukuu watakuwepo. Atakayelikagua akiona ufa, ana nguvu ya kuamuru kinu kizimwe?

Fundi Mtwapa: Shikamoo mzee. Swali lako ni zito, nitalijibu. Lakini kwanza huyu Mwana wa Kilifi afute neno lake la "kwa macho".

Mwana wa Kilifi: Sifuti. Mama ana kovu mpaka leo.