Tarti za siagi za Kikanada kwa Krismasi: nitumie nini badala ya vitu visivyopatikana Tanga?

MpishiWaChumbageni (Tanga)

Assalamu alaykum, na habari za kazi kwa wote.

Mimi ni mwokaji wa vileja, visheti na keki za oda hapa Chumbageni, na safari hii nimepewa kazi ambayo ni mpya kwangu. Familia moja ya jirani inampokea binti yao pamoja na mumewe, ambaye kwao ni Ontario, Kanada. Mama mwenye nyumba ameniomba nimwokee mkwe wake tarti za siagi kwa ajili ya Krismasi, yaani vikombe vidogo vya ganda la unga vinavyotiwa ujazo wa siagi, sukari na yai kisha vikaokwa, kwa sababu ndicho kitamu alichozoea kukila kila sikukuu tangu utotoni. Nimeletewa karatasi ya mapishi iliyoandikwa na mama mzazi wa huyo kijana, nimeisoma kwa makini, na yapo mambo ambayo ningependa kuyaelewa kabla sijaanza kununua vitu.

La kwanza ni ganda. Karatasi inataka mafuta ya nguruwe, na hilo haliwezekani, kwa kuwa jiko langu ni la Kiislamu na wengi wa watakaokaa kwenye meza hiyo ni Waislamu. Je, siagi peke yake itatoa ganda jepesi linalovunjika kwa urahisi mdomoni, au nichanganye na samli au mafuta ya mgando? La pili ni shira. Karatasi inataja shira ya mahindi, na pembeni imeongezwa kwamba anayeweza atumie shira ya mti wa mepoli. Ya mahindi sijaiona katika maduka ya Ngamiani, na ya mepoli, hata nikiagiza kutoka Dar es Salaam, bei yake itakula faida yote. La tatu ni kuiva, maana imeandikwa kwamba tarti zitolewe wakati katikati bado panatikisika, nami nina wasiwasi wa kuwapelekea watu yai bichi. Zaidi ya hayo, oveni yangu ni ya umeme, na umeme ukikatika itanibidi nimalizie kwa mkaa. Kama yupo aliyewahi kuoka kitu cha aina hii kwa kupalia moto juu, nitashukuru sana kupata maelezo yake.

MrejeaKutokaPeterborough (Raskazone, Tanga)

Wa alaykum salaam, dada yangu. Niliishi Peterborough, Ontario, miaka mingi ya masomo na kazi kabla ya kurudi nyumbani, na katika sehemu zile tarti ya siagi inapewa heshima kubwa: kila duka la mikate lina yake, na kila mama ana hakika kwamba yake ndiyo sahihi. Nimefurahi kusikia kwamba kuna mtu Tanga anayetaka kuioka kwa uangalifu namna hii.

Nianze na shira, kwa sababu hapo ndipo watu hupotoka. Jani la mepoli limo katika bendera ya Kanada, na kwa hiyo mtu hudhani kwamba kila kitamu cha huko lazima kiwe na shira ya mti huo. Mapishi ya zamani kabisa ya tarti hizi yanayojulikana kuchapishwa yalitoka katika mji wa Barrie, Ontario, mwaka 1900, katika kitabu cha mapishi cha akina mama waliokuwa wakiisaidia hospitali ya Royal Victoria, na aliyeyatoa ni Bi Malcolm MacLeod. Mna sukari, siagi, mayai na zabibu kavu ndogo, basi, shira haimo. Shira ya mahindi ilizoeleka katika mapishi yaliyofuata. Ile ya mepoli ina harufu nzuri mno, lakini hata huko si ya bei rahisi, kwani zinahitajika takriban lita 40 za utomvu kupata lita 1 ya shira, na utomvu wenyewe hutiririka kwa majuma machache tu mwishoni mwa majira ya baridi, wakati usiku unaganda na mchana unapata joto. Kwa hiyo usijione kwamba unampunja mgeni ukiiacha. Kinachoifanya tarti hii iwe yenyewe ni siagi halisi na sukari yenye rangi, na hapo ndipo ningekuomba usibane matumizi: siagi laini ya kupaka mkate haitatoa ladha ile.

Kwa tarti 12 za ukubwa wa keki ndogo za kikombe, ujazo niliofundishwa ni nusu kikombe cha sukari ya kahawia, nusu kikombe cha shira, robo kikombe cha siagi iliyolainika, yai 1, kijiko kimoja cha chai cha vanila na chumvi kidogo. Unachanganya kwa mwiko au kwa uma mpaka sukari ishikane na siagi, kisha unatia yai na vingine. Usitumie mashine ya kupigia keki, kwa sababu hewa ikiingia kwa wingi, ujazo unafura ndani ya oveni, unamwagika, na juu panabaki povu kavu. Zabibu zitandazwe kwanza ndani ya ganda bichi, kisha mimina ujazo juu yake hadi theluthi mbili tu za kina cha ganda. Oka kwa nyuzi 200 za Selsiasi kwa dakika 15 hadi 18.

Kuhusu yai, ondoa wasiwasi. Pembeni pakianza kutokota na katikati pakaumuka kidogo, joto la ujazo limeshapita lile linaloivisha yai. Panapotikisika ni kwa sababu sukari na siagi zikiwa moto ni majimaji, na zikipoa zinashikana. Ukizisubiri mpaka zitulie kabisa ndani ya oveni, utapata kitu kigumu cha kutafuna, na yai litakatika vipande vipande.

Nakushauri umuulize mama mwenye nyumba mambo mawili kabla hujaanza: kama mkwe wake anapenda zabibu au hapendi, na kama anapenda ujazo unaochuruzika akiuma au ulioshikana. Wakanada wanagawanyika kweli kweli juu ya hayo, na katika mji wa Midland, Ontario, ambako hufanyika tamasha la tarti hizi kila mwaka, utaona zote zikishindanishwa, za zabibu, za njugu na tupu. Anayependa ya kuchuruzika apunguziwe dakika 2 au 3 za moto. Mapishi yanabaki yale yale.

BiMkubwaWaTanuri (Bagamoyo)

Mwanangu wa Chumbageni, nimeoka kwa mkaa maisha yangu yote hapa Bagamoyo, nami nitakujibu yale ya ganda, shira na moto.

Samli usiitumie. Inafaa sana kwenye vileja, kwa sababu kileja ni kinene na tunataka kimumunyuke, lakini ganda la tarti ni jembamba na linabeba kitu kizito cha majimaji. Likimumunyuka, tarti inapasuka mkononi mwa mgeni. Siagi peke yake inatoa ladha, ila ina maji ndani yake, na kwa joto la Tanga la mwezi wa Desemba inayeyuka kabla hujamaliza kusukuma. Changanya siagi gramu 100 na mafuta ya mgando ya mimea gramu 50 kwa vikombe 2 vya unga wa ngano na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Vyote viwili vigandishwe, uvikune kwenye kikunio cha karoti moja kwa moja juu ya unga, na uvichanganye kwa ncha za vidole, si kwa viganja, mpaka upate chembe chembe. Kisha piga kiini cha yai 1 pamoja na kijiko cha chai cha siki na vijiko 3 au 4 vya chakula vya maji ya barafu, tia kidogo kidogo, na uishie pale tu donge linaposhikana. Usikande. Unga wa chapati tunaukanda ili uvutike, na huku kuvutika ndiko tusikokutaka, maana ganda litakuwa gumu na litasinyaa ndani ya kikombe chake.

Donge lilale kwenye friji nusu saa au zaidi, halafu ulisukume na ukate maduara ya sentimita 10. Kazi hii ifanye alfajiri, baada ya sala, kabla jua halijapanda. Ukishapanga maganda kwenye vikombe, yarudishe kwenye friji wakati unatayarisha ujazo. Wapo watakaokwambia utoboe maganda kwa uma kama inavyofanywa kwenye mapishi mengine. Hapa usitoboe hata tundu moja, kwa kuwa sukari itapita chini, itaungua, na tarti haitabanduka.

Shira unaijua tayari, maana ni ile ile ya visheti, ila ipike nzito zaidi. Vikombe 2 vya sukari, kikombe 1 cha maji na kijiko cha chakula cha maji ya ndimu, kwa moto mdogo, mpaka ivute uzi kati ya vidole viwili. Ndimu usiiache, kwani ndiyo inayoizuia sukari isirudi kuwa chenga, na hiyo ndiyo kazi ambayo ile shira ya mahindi inawafanyia wenzetu. Ukitaka rangi na harufu iliyokolea, toa robo ya sukari hiyo na mahali pake utie sukari guru iliyosagwa na kuchujwa. Nikiijaribu kwa ulimi, naona inakaribia mno kile wanachokieleza watu waliokula tarti hizo kwao.

Sasa mkaa. Chukua sufuria kubwa nzito, weka mchanga mkavu chini na kiti cha chuma juu ya mchanga, funika, na uipashe moto kwa muda wa kutosha kabla hujaingiza kitu. Kwenye mkate wa kumimina tunapalia moto mwingi juu na kuuacha mdogo chini. Kwenye tarti fanya kinyume chake, moto wa chini uwe wa nguvu na juu ya mfuniko uweke makaa machache yaliyosambazwa pembeni, kwa sababu kitako cha ganda ndicho kinachochelewa kuiva na sukari ya juu ndiyo inayowahi kuungua. Kuujua moto, nyunyiza unga kidogo kwenye kipande cha bati na ukiweke ndani: ukiungua mara moja, punguza makaa, ukigeuka rangi taratibu, ingiza tarti zako. Oka chache chache, na usifunue kabla ya dakika 12.

MwanaPangani

Nashukuru kwa maelezo haya, ila naona tofauti kidogo juu ya kuiga kila kitu. Sisi tuna korosho, tena za hapa hapa pwani, na kama Wakanada wenyewe hutia njugu, sioni sababu ya kununua zabibu za pakiti kutoka mbali. Ningependekeza pia hiliki kidogo na tui zito badala ya sehemu ya siagi. Mgeni amekuja Tanga, naye aionje Tanga.

MrejeaKutokaPeterborough

Ndugu yangu wa Pangani, juu ya korosho nakubaliana nawe kabisa. Zikaangwe kavu kidogo, zikatwekatwe, zitiwe mahali pa zabibu, na hakuna Mkanada atakayelalamika. Lakini zabibu hazihitaji kutoka mbali, kwani Dodoma wanalima na wanakausha. Hiliki na tui ndivyo ninavyovipinga kwa oda hii. Mama mkwe ameagiza kitu ambacho kijana atakitambua akikitia mdomoni, na hiliki ina nguvu ya kufunika siagi yote. Tui nalo lina maji mengi, litauchelewesha ujazo kushikana. Tarti ya nazi na hiliki ni wazo zuri sana, nami ningeinunua, lakini iwekwe kwenye sahani yake.

MpishiWaChumbageni

Nawashukuru wote, na shikamoo Bi Mkubwa. Nimemuuliza mama mwenye nyumba, naye ameniambia kwamba mkwe anapenda za zabibu, zenye kuchuruzika kidogo, na kwamba wageni wengine wanaweza kupewa za korosho. Vanila nitatumia ya unga, kwa sababu ile ya majimaji mara nyingi hutengenezwa kwa kileo na wapo wageni wanaoliangalia hilo. Limebaki swali moja. Oda ni dazeni tano, na siku ya mkesha nina keki nyingine za kupamba. Je, ninaweza kuzioka mapema, na zikae vipi bila kulainika kwa unyevunyevu huu wa Tanga?

BiMkubwaWaTanuri (Bagamoyo)

Marahaba mwanangu. Unaweza. Zikitoka motoni zisubiri dakika 5 hadi 10, upitishe kisu chembamba pembeni na uzitoe kwenye vikombe zikiwa bado na uvuguvugu, kwa sababu sukari iliyomwagika ikishapoa hunata na ganda litavunjika. Ziache zipoe juu ya waya, si kwenye sahani, ili mvuke utoke chini. Zikishapoa kabisa, zipange safu moja moja ndani ya chombo chenye mfuniko unaobana, uweke karatasi ya kuokea kati ya safu na safu, na uziingize kwenye friza, ambako zitakaa hata majuma kadhaa bila kuharibika. Asubuhi ya Krismasi toa chombo na ukiache kimefungwa mpaka kipoteze ubaridi wote. Ukikifunua mapema, unyevu wa hewani utaganda juu ya tarti na kuyalowesha maganda. Kikiwa kimefungwa, maji yatajikusanya nje ya chombo nawe utayafuta kwa kitambaa. Ile sehemu itakayobebwa kwenda nyumba za ndugu ipeleke bado imeganda, maana ujazo wa kuchuruzika hauvumilii kutikiswa na bajaji, na utafika ukiwa umeshalainika kiasi cha kuliwa.