Kama kazi inafanyika Nairobi, kwa nini tajiri asishtakiwe Nairobi?

Kijana_wa_Umoja

Wadau salamu. Nina swali, na pia nina hasira kidogo so mnivumilie nikirefusha.

Mdogo wangu wa kike amemaliza chuo, ametuma maombi kila mahali, sasa ameitwa na kampuni fulani hapa Nairobi. Kazi yenyewe ni ya kuandaa data za AI, unaletewa picha na maandishi unaweka lebo ili kompyuta ijifunze. Mkataba ni wa mwezi mmoja mmoja, unaongezwa wao wakitaka. Na kabla hajaambiwa atakuwa anaangalia nini tayari amewekewa karatasi ya siri asaini, kwamba mambo ya kazi asimwambie mtu, hata sisi wa nyumbani. Mama ameshashukuru Mungu, mimi roho inakataa.

Inakataa kwa sababu haya tumeyaona. Januari 2023 jarida la TIME liliandika kwamba vijana wa kampuni ya Sama, hapa hapa Nairobi, walikuwa wanasoma maandishi ya ubakaji, ya kunajisi watoto, ya watu kujiua, wanayapanga kwa makundi ili ChatGPT ya OpenAI ifundishwe kuyatambua. Mkononi walikuwa wanabaki na kati ya dola 1.32 na dola 2 kwa saa, na mkataba wa OpenAI na Sama ulikuwa dola 12.50 kwa saa. Sama walijitetea kwamba hizo 12.50 zilikuwa za gharama zote, ofisi na mitambo na mishahara. Sawa. Lakini chukua dola kwa 129 ya siku hizi, inaingia kama shilingi 1,600 na yule aliyesoma ule uchafu kwa macho yake anapata 258 akiwa wa juu kabisa.

Alafu 2024 ukaletwa mswada Seneti, wa kiongozi wa walio wengi Aaron Cheruiyot, wa kurekebisha sheria za biashara, na ndani kuna kipengele kwamba ukiajiriwa na kampuni ya hapa inayofanya kazi ya kampuni ya nje, ukiwa na dai la ajira unashtaki huyu wa hapa peke yake, yule mwenye kazi haguswi. Desemba hiyo hiyo Rais Ruto akawaambia vijana hadharani kwamba sheria inabadilishwa kampuni hizi zisisumbuliwe tena kortini. Jamani, serikali inatunga sheria ya kumkinga nani dhidi ya nani?

Swali langu ni mawili. Mngekuwa nyinyi mngemwachia dada yenu aende? Na hii sheria, kuna mtu anaweza kunieleza kwa nini ni nzuri, kwa roho safi tu, mimi nasikiliza.

Baba_Bahati_Kitengela

Kijana mimi nitakujibu kwa roho safi kama ulivyoomba, na najua watu hapa hawatanipenda.

Mwachie aende. Wewe una kazi, yeye hana, na usimnyime mtu mzima riziki kwa sababu ya kitu umesoma. Vijana wanaobeba simiti kutwa nzima mjengo na digrii zao zimelala nyumbani wangekuambia hivyo hivyo. Ofisi ina kivuli, kuna usafiri wa usiku, kuna pesa mwisho wa mwezi.

Na kuhusu sheria, angalia kilichotokea tulipopiga kelele. Januari 2023 Sama wakatangaza wanaacha kabisa kazi ya kukagua posti za Facebook, watu 260 wakaambiwa kazi imeisha. Machi 2024 Remotasks, ile tovuti ya taski za kulebo data za AI, wakafunga akaunti za Kenya, na hapo kulikuwa na watu wanalipa kodi ya nyumba na karo ya watoto kwa hizo taski, wakaamka wakakuta hawawezi kuingia. Kazi ya Facebook ikatokea Accra. Hii si kiwanda cha saruji ati kitashindwa kuhama, ni kompyuta na laini ya intaneti, mwekezaji akiona korti kila mwezi anaenda Ghana, anaenda Uganda, anaenda Ufilipino, na sisi tunabaki na haki zetu mfukoni bila unga. Serikali inajaribu kuziba hapo. Unaweza usikubaliane na njia waliyotumia lakini shida wanayoiona ni ya kweli.

Modereta_Mstaafu

Baba Bahati nakuheshimu na hiyo ya watu kuamka wamefungiwa nje naijua, nina marafiki walikuwemo. Lakini Remotasks haikushtakiwa kwenye kesi za modereta, yaani wakaguzi wa posti walioshtaki Sama na Meta mwenye Facebook, ilikuwa kampuni nyingine kabisa na bado ilifunga virago bila kumuaga mtu. Kwa hiyo hii hadithi ya kwamba tukinyamaza watakaa, mimi siioni ushahidi wake. Wanakuja kwa sababu tunajua kizungu, tunajua na lugha zingine, na bei yetu iko chini. Bei ikipatikana chini zaidi kwingine wanaenda, uwe umeshtaki au umenyamaza.

Nimefanya hii kazi. Kampuni sitaitaja. Wacha niwaambie inavyokuwa maana watu wanaongea juu ya "content" kama ni picha za harusi.

Unakaa, unafungua foleni, klipu zinaingia moja baada ya nyingine na huchagui. Una chini ya dakika moja kuamua, ibaki au iondolewe, na ukiondoa unachagua ni kwa kosa gani kwenye orodha ndefu ambayo inabadilika wiki hii na wiki ile. Mara nyingi ni upuuzi tu, mtu katukanana na jirani, tangazo la dawa feki. Ndio maana huwezi kujiandaa, kwa sababu baada ya matangazo ishirini ya dawa inaingia ya mtoto. Tulijifunza wenyewe kwa wenyewe kupunguza picha iwe ndogo kwenye kona, kuitoa rangi ibaki nyeusi na nyeupe, na kubwa kuliko yote kuzima sauti, kwa sababu picha unaweza kuikwepa kwa macho lakini kilio kikishaingia sikioni hakitoki. Shida ni kwamba wakati mwingine kosa liko kwenye maneno, lazima usikilize, na ukikosea kiwango chako cha usahihi kinashuka na mkataba hauongezwi.

Mshauri alikuwepo. Ukienda kuongea naye, muda wako wa kutofanya kazi unahesabika, kwa hiyo wengi tulikuwa haturudi mara ya pili. Mimi nilianza kuwa mtu wa kunyamaza nyumbani, mtoto akikimbia barabarani mbele yangu mwili mzima unakufa ganzi maana kichwa kinaleta picha nyingine. Karatasi ya siri ilinifanya mke wangu adhani nina mwanamke nje. Huyo dada yako wakimwambia asiongee na nyinyi, hapo ndipo pabaya, siyo mshahara.

Na haya si yangu peke yangu. Desemba 2024 zilifichuka ripoti zilizowekwa kortini na Dr. Ian Kanyanya wa Hospitali ya Kenyatta, aliwapima modereta waliokuwa kwenye kesi dhidi ya Meta na Sama, zaidi ya 140 wakakutwa na PTSD, ule ugonjwa wa mshtuko tunaousikia kwa wanajeshi waliotoka vitani. Zaidi ya 140! Kwa ofisi moja ya Nairobi yenye viyoyozi na kahawa ya bure.

Sasa turudi kwa sheria. Mkataba wangu ulikuwa na jina la kampuni ya hapa, ni kweli. Lakini kanuni ninazofuata zinatoka nje, mtambo ninaofungua asubuhi ni wao, malengo ya kasi wanaweka wao, nikimwambia bosi wangu hii kanuni haieleweki ananiambia hata yeye hana uwezo, ngoja tuwaulize wateja. Sasa tajiri wangu alikuwa nani? Daniel Motaung, jamaa wa Afrika Kusini aliyefutwa 2019 akiwa anajaribu kuunganisha wenzake wagome, alifungua kesi Mei 2022 na Meta wakasema korti ya Kenya haiwahusu, hawana ofisi hapa. Februari 2023 korti ya ajira ikakataa hiyo. Modereta wengine 184 walioachishwa kazi wakashtaki nao, na Septemba 2024 Mahakama ya Rufaa ikasema kesi iendelee. Yaani majaji waliangalia kazi inafanyika wapi na nani anaiongoza. Mswada unataka kuifuta hiyo kalamu ya majaji, na hapo ndipo mimi siwezi kusimama na serikali hata kidogo.

Mtu_wa_Tanga

Modereta pole sana mkuu, na asante kwa kuandika.

Nachangia kutoka huku Tanzania kwa sababu watu wanaona hili kama jambo la Wakenya wakati linatuhusu wote. Kile kituo cha Sama cha Nairobi kilikuwa kinakagua posti za nchi kibao za Afrika, Kiswahili, Kisomali, Kiamhara, Kioromo, Kihausa, Kizulu. Posti ya mtu wa Goma au Kigoma inaamuliwa na kijana aliyechoka, mwenye sekunde chache, mwenye hofu ya mkataba, ambaye pengine hajawahi kusikia Kiswahili cha Goma kinavyotukana. Mtu akiwa kwenye hali hiyo anapitisha vibaya na anafuta vibaya, na madhara yanatokea kwetu sisi tusiojua hata kama yupo.

Mfano uko Ethiopia. Profesa Meareg Amare, mwalimu wa kemia wa Bahir Dar, Facebook watu waliweka jina lake, picha yake na mtaa anaoishi na kumsingizia mambo kwa sababu ni Mtigray. Mwanawe Abrham akaziripoti. Novemba 2021 baba yake akapigwa risasi nje ya nyumba yake. Kijana alifungua kesi Nairobi Desemba 2022, kwa nini Nairobi? Kwa sababu posti za Ethiopia zilikuwa zinakaguliwa kutoka pale. Aprili 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ikasema ndiyo, ina mamlaka ya kuisikiliza. Hebu fikirieni uzito wake, mtoto wa Ethiopia aliyeuliwa baba yake, mlango pekee uliofunguka barani ni korti ya Kenya, alafu wabunge wa nchi hiyo hiyo wanaambiwa watunge sheria za kuwapunguzia hawa wakubwa presha. Najua mswada ni wa madai ya ajira na hii ni kesi nyingine, lakini mwelekeo ni mmoja.

Baba Bahati hoja yako ya Accra nadhani inakurudia wewe. Kama kazi inahama kutoka Nairobi kwenda Accra, dawa ni Accra nao wawe na sheria ile ile na chama kile kile, ili wakihama wasikute bei ya chini zaidi. Mei mosi 2023 wafanyakazi zaidi ya 150 wa Facebook, TikTok na ChatGPT walikutana Nairobi wakapiga kura kuanzisha chama cha modereta wa Afrika. Mimi nilitamani EAC ndiyo ibebe hili, mbona kwenye ushuru wa forodha tunakaa mezani pamoja?

Baba_Bahati_Kitengela

Mtu wa Tanga hiyo ya EAC nakubaliana nayo, ila mpaka mawaziri wakae wakubaliane vijana wetu watakuwa na wajukuu. Modereta pole ndugu yangu, hilo la mke wako limenigusa. Bado nasema kazi ije. Lakini kipengele cha kumkinga mwenye kazi moja kwa moja, bila hata kumwekea sharti la matibabu, hapo naona mmenizidi, kingeweza kuandikwa tofauti.

Kijana_wa_Umoja

Nawashukuru wote. Nimemsomea dada jibu la Modereta, alinyamaza alafu akasema bado anaitaka kazi, kodi tunayolipa anaiona na anachoka kuomba nauli. Siwezi kumlaumu. Sasa kwa mwenye uzoefu, aulize nini kabla ya kusaini?

Mama_Chama

Mwanangu mimi nimekaa kwa vyama vya wafanyakazi miaka mingi, sio vya kompyuta lakini mkataba ni mkataba.

Aulize waziwazi, ataangalia vitu gani, na iandikwe. Kuchora vibox kuzunguka magari na watu wa barabarani ni kazi moja, kuangalia maiti ni kazi nyingine, wasimwite kwa ya kwanza wakamhamishia ya pili mwezi wa tatu bila kumuuliza. Aulize akikataa foleni fulani kinatokea nini. Aulize matibabu ya akili yanaendelea kwa muda gani baada ya kuacha kazi, kwa sababu haya mambo yanamfuata mtu nyumbani akiwa ameshatoka, hapo ndio kampuni nyingi zinakimbia. Aulize muda wa mshauri unakatwa au haukatwi.

Karatasi ya siri asaini siri za biashara, sina shida nayo, lakini aombe kiandikwe kwamba daktari wake, wakili wake na ofisa wa kazi hawamo ndani ya hiyo siri. Wakikataa kuandika hilo arudi nyumbani nauli mtampa. Na abaki na nakala ya kila anachosaini, apige picha kwa simu hapo hapo mezani, hiyo ndiyo ilikosekana kwa wengi niliowahi kuwasindikiza kortini.

Kifungu cha 41 cha katiba ya Kenya kinampa haki ya kuingia kwa chama na kugoma, hata akiwa na mkataba wa mwezi mmoja. Asiseme siku ya kwanza. Atafute wenzake wawili watatu wanaoaminika kwanza, wabadilishane namba za simu za binafsi, sio zile za grupu la kazini.

Na wewe mpigie simu seneta wako kuhusu huo mswada. Huwa wanahesabu simu wanazopata, nimewahi kukaa kwa ofisi zao nikaona.